Nchi Haijulikani kwa Kuchungulia Dirishani

Utamaduni wa taifa ni maneno yaliyokwisha kuchakaa midomoni mwetu kabla ya kufanya kazi yake. Yanapotajwa shuleni, mawazo ya mwanafunzi hukimbilia ngoma, mavazi ya asili, vinyago vya Wamakonde, na pengine sahani ya chakula cha jadi iliyopangwa mezani kwa ajili ya mgeni rasmi. Vitu hivyo ni vyetu, wala sina nia ya kuvibeza. Lakini Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, fikra iliyomwongoza ilikuwa pana kuliko ngoma: aliuona utamaduni kuwa ndiyo roho inayowafanya watu wengi kuwa taifa moja. Basi hatuna budi kuuliza roho hiyo hukaa wapi siku ambazo hakuna sherehe wala mgeni rasmi.

Jawabu langu ni kwamba hukaa, pamoja na mahali pengine, katika ujuzi wa nchi: mtu kuzijua njia za wilaya yake, miti yake, upepo wake, majina ya mahali na maana zake, na kazi za watu waamkao kabla ya jua. Tena nadai kwamba miongoni mwa vyombo tulivyo navyo leo, hakuna kinachofaa kufundisha ujuzi huo kuliko baisikeli, ikipandwa na mtu mmoja, alfajiri, nje ya mji. Najua dai hili litawachekesha wengi. Na wacheke. Kicheko hicho ndicho ninachokusudia kukipiga vita katika makala haya.

Wanaoicheka safari ya namna hiyo wana hoja nne, nami nitazieleza kwa uaminifu kabla ya kuzijibu. Hoja ya kwanza ni kwamba baisikeli ni chombo cha maskini, na msomi akionekana juu yake anajishusha. Ya pili ni kwamba kusafiri bila shughuli ni uzembe. Mtembezi, wasema wahenga, hula miguu yake. Ya tatu ni kwamba kwenda peke yako ni tabia ya kigeni, kwani Mwafrika ni mtu wa jamii. Ya nne ni kwamba barabara zina hatari, na kwamba safari hizi hazimfai mtoto wa kike. Kila moja ya hoja hizi ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana zimeishi muda mrefu. Uongo mtupu haudumu. Udumuo ni ule uliochanganywa na ukweli kidogo, kama maji yaliyotiwa maziwa yakauzwa kwa jina la maziwa.

Tuanze na umaskini. Baisikeli ya namna tuijuayo, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilitokea Uingereza mwaka 1885, kazi ya John Kemp Starley wa mji wa Coventry. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata hataza ya tairi la mpira lenye upepo ndani, na tangu hapo chombo hicho kikaenea duniani kama moto wa nyikani. Mwanafunzi husimuliwa habari hizo kuwa ni habari za akili ya Ulaya. Upande wa pili hasimuliwi. Tairi lilidai mpira, na sehemu ya mpira huo ilitoka katika misitu ya Kongo, nchi ambayo tangu 1885 hadi 1908 ilitawaliwa kama mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wanakijiji walilazimishwa kugema utomvu msituni. Vijiji vilivyoshindwa kutimiza kipimo vilichomwa, wanawake wakashikwa mateka, na watu wakakatwa mikono na askari wa dola. Kwa hiyo baisikeli si zawadi tuliyotunukiwa. Mwafrika aliilipia kabla hajaipanda. Yeyote anayeiita kitu cha Wazungu amesahau nani aliyetozwa bei yake.

Ilipofika kwetu, baisikeli ilikuwa alama ya cheo. Karani wa serikali, mwalimu wa misheni, tarishi na mwenye duka ndio walioipanda, na mkulima akasimama kando ya njia kuwapisha. Baadaye mkulima wa pamba wa Usukuma na kibarua wa mkonge wa Tanga nao wakainunua kwa jasho lao. Katika miaka ya 1950 wengi waliopeleka habari za TANU vijijini walizipeleka kwa baisikeli. Baada ya Uhuru tulifika hatua ya kuziunda wenyewe, na baisikeli za Swala zilizotoka katika kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam zikaonekana katika njia za vijiji vyetu.

Ni tangu lini, basi, ikawa alama ya umaskini? Ni tangu ilipokuwa ya wengi. Hapa ndipo ugonjwa wetu unapojifichua. Tuliiheshimu baisikeli ilipokuwa ya wachache. Tukaidharau ilipokuwa ya umma. Chombo ni kile kile, mnyororo ni ule ule, kengele yake hailii tofauti. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaoimiliki. Hii ndiyo kasumba iliyokamilika: kukipima kitu si kwa manufaa yake, bali kwa wingi wa watu wanaokikosa.

Na kasumba haiponi kwa kukaa kimya. Mark Rutte, aliyekuwa waziri mkuu wa Uholanzi tangu 2010 hadi 2024, alionekana mara nyingi akienda kazini kwa baisikeli, na magazeti ya dunia yakamsifu kwa unyenyekevu. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baisikeli Duniani. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mbio kuu za Ufaransa, na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya mbio za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mambo haya yanafurahisha, lakini yananitia hofu pia. Nahofia kwamba tutaipenda baisikeli siku tutakapoambiwa na wengine kuwa inapendeka, na kwamba tutamsalimu kwa heshima mpandaji aliyevaa nguo za mbio huku tukiendelea kumpigia honi ya dharau yule aliyefunga tenga la mihogo nyuma ya kiti.

Lakini kumshambulia adui si kazi yote. Yanipasa nioneshe ni nini hasa kinachopatikana katika safari ninayoitetea. Nachukua mfano wa barabara moja, ile iendayo kusini kutoka mji wa Tanga kuelekea Pangani. Tanga ni mji uliozoea baisikeli tangu zamani, na barabara hiyo ina mengi kwa mwenye macho. Tuseme mwalimu wa sekondari anaondoka mjini saa kumi na moja alfajiri, siku ya Jumamosi, peke yake. Hana mzigo. Ana taa, pampu, chupa ya maji na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha. Anakusudia kufika Tongoni, mwendo wa kilomita zipatazo ishirini, na kuanza kurudi kabla jua halijawa kali.

Somo la kwanza hulipata shavuni. Akielekea kusini, bahari iko kushoto kwake na bara iko kulia. Na saa hizo, pasipo upepo mkubwa wa msimu, baridi laini humgusa shavu la kulia. Huo ndio upepo wa bara ambao wavuvi wetu huuita umande, jina lile lile la matone yanayolowesha majani. Usiku ardhi hupoa upesi kuliko maji, na hewa nzito ya nchi kavu huteremkia baharini. Wavuvi hutweka matanga yao kwa upepo huo na kutoka nao. Jua likipanda, ardhi hupata joto upesi kuliko bahari, nao upepo hugeuka ukaja kutoka majini. Mwanafunzi wa kidato cha pili huchora mishale ya jambo hili katika daftari lake na kupewa alama. Ni wangapi waliokwisha kulihisi katika ngozi? Na ni wangapi wajuao kwamba babu zao walikuwa na jina la upepo huo kabla ya kitabu cha jiografia kuletwa?

Somo la pili ni watu. Barabara ya alfajiri si tupu kama wadhanivyo wanaolala. Yuko mwenye magunia mawili ya mkaa yaliyofungwa nyuma yake mpaka yamempita kimo. Yuko mwenye madafu, na mwenye mihogo, na mama mwenye ndoo kichwani. Kiti cha baisikeli humweka mpandaji karibu na usawa wa macho ya mtu aendaye kwa miguu, na mwendo wake huruhusu salamu kuanza, kujibiwa na kumalizika. Jambo hili ni dogo kulitaja, lakini kubwa kulitenda. Mwenye gari humwona mtu kwa juu au kwa haraka. Mwenye baisikeli humwona usoni. Na kwa kuwa ametazamwa naye, hana budi kuamkia.

Mzee aliyekaa barazani na mswaki wake humwita mpandaji asiye na mzigo.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Wenda wapi alfajiri yote hii?”

“Natembea tu, babu.”

“Watembea tu? Kwema lakini huko utokako?”

“Kwema, babu.”

Swali la mzee si la kijinga. Katika uzoefu wake, mtu apandaye baisikeli alfajiri bila tenga wala gunia amebeba habari ya msiba. Lakini mpandaji akishuka akaeleza kwamba anataka kuijua njia, mzee huyo huyo humwonesha mti uliokuwa mpaka wa shamba, kisima kilichofukiwa, na mahali palipokuwa na kambi ya vibarua. Mlango wa elimu hiyo haufunguliwi kwa barua ya utambulisho. Hufunguliwa kwa shikamoo na kwa mtu kushuka chini.

Somo la tatu liko Machui. Katika kitongoji cha Vibambani alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na huko huko akazikwa mwaka 1962. Hapana mwanafunzi wa Kiswahili asiyelijua jina lake. Tunamsoma, tunamchambua, tunaorodhesha maudhui na dhamira zake kwa ajili ya mtihani. Lakini kuna vijana waliokulia Tanga, mwendo wa saa moja kwa baisikeli kutoka kaburi lake, waliohitimu masomo yao bila kujua kwamba mwandishi huyo alilelewa katika udongo ule ule wanaoukanyaga. Wamefundishwa kwamba fasihi hutoka katika kitabu. Hawakufundishwa kwamba kitabu nacho hutoka mahali.

Somo la nne ni mkonge, mmea uliokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa mkoa huo. Nao si mmea wa asili ya kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalitoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza dunia kwa mkonge. Mwaka 1964 mavuno yalipita tani 200,000. Kisha nyuzi za viwandani zikashusha bei, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Waliokata majani hayo waliletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Leo wajukuu wao ni wenyeji wa Tanga. Mpandaji apitaye alfajiri kando ya safu za mkonge, wakati wakataji wameingia kazini ili kulikimbia jua, haoni mandhari ya picha. Anaona jinsi watu wa makabila mengi walivyokutanishwa kwa shuruti, wakajifanyia ujirani na lugha moja ya kusemeshana.

Somo la tano ni Tongoni penyewe. Jina la mahali hapo linajieleza, kwani tongo ni mahame, yaani makao yaliyoachwa. Yapo mabaki ya msikiti wa kale na makaburi yaliyojengewa nguzo za mawe, nyingi zikiwa zimekwisha kuanguka. Katika miamba ya bahari ya karibu na hapo moja ya merikebu za Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mwaka 1498. Na mwaka 1499, katika safari ya kurudi, Wareno waliichoma moto merikebu hiyo hiyo katika pwani hii kwa kuwa mabaharia wao walikuwa wamekufa wengi na hawakutosha kuiendesha. Kijana aketiye dakika kumi kando ya makaburi yale, pumzi ikimrudia, hatamwamini tena mtu atakayemwambia kwamba historia ya pwani yetu ilianza siku alipofika mgeni. Wenyeji walikuwa wamejenga kwa mawe na kuzika wafu wao kwa heshima mgeni alipokuwa bado anakwama mchangani.

Hewa na bahari, adabu za watu, fasihi, uchumi na historia: masomo matano katika asubuhi moja, kwa nauli ya jasho. Basi hupita njia hiyo hiyo kwa muda mfupi, na abiria hushuka akijua bei ya tiketi. Simlaumu abiria, ana haraka zake. Namlaumu yule asemaye kwamba, kwa kuwa amepita, ameona. Mtu aendaye kwa miguu huona kila kitu lakini hafiki mbali. Aendaye kwa gari hufika mbali asione kitu. Baisikeli, kwa mwendo wake wa kilomita kumi na mbili hadi kumi na tano kwa saa, imesimama katikati yao. Kwa nguvu ile ile ambayo ingemchosha mtembea kwa miguu, mpandaji huenda mbali zaidi ya mara tatu, na bado sikio lake linasikia dudumizi akilia kichakani.

Sasa nirudi kwa wale wasemao kwamba safari isiyo na shughuli ni uzembe. Kila mwaka maelfu ya wageni huja nchini mwetu kutembea tu. Hawana mkaa wa kuuza wala msiba wa kuhani. Tunawaita watalii, tunawapokea kwa tabasamu, tunawachapishia vitabu vya kuwaongoza. Mwenyeji akitenda jambo hilo hilo ndani ya wilaya yake, kwa chombo chake, bila kumgharimu mtu senti moja, huitwa mzembe. Hivyo nchi hii imeumbwa itazamwe na nani? Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita mia mbili, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Magari yalikuwapo, na Rais hakukosa gari. Alijua kwamba lipo neno ambalo miguu hulisema na gurudumu la gari haliwezi kulisema. Mtembezi hula miguu yake ikiwa harudi na kitu. Akirudi na ujuzi, miguu yake imemlisha.

Hoja ya upweke ndiyo inayojipamba kwa maneno mazuri kuliko zote, maana hujifunika joho la ujamaa. Husemwa kwamba kupenda kwenda peke yako ni ubinafsi ulioletwa na ubepari. La hasha. Jadi yetu inawajua watu wa upweke na kuwaheshimu: mchungaji, mrina asali, mvuvi wa ngalawa, mtunzi wa mashairi. Walitoka peke yao na kurudi na kitu cha kuwapa wenzao. Ubinafsi haupimwi kwa idadi ya waliofuatana njiani, bali kwa kile ulichofanya na uliokutana nao. Watazame watu wanne ndani ya gari moja, vioo vimepandishwa, muziki umefunguliwa. Wanapita kijiji kizima bila kumwamkia mtu. Hao ndio wapweke. Mpandaji mmoja wa alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, amekwisha kusalimiana na watu ishirini. Hata kundi la wapandaji kumi halimfikii, kwani waendao kumi huzungumza wao kwa wao, na wanakijiji huwatazama kama msafara. Aendaye mmoja huamkiwa kama mtu. Hujitenga na rafiki zake wa kila siku kwa saa tatu ili apate kuwa karibu na wananchi wenzake.

Kuhusu hatari, sitadanganya. Barabara zetu nyingi zimejengwa kana kwamba watu wote wa nchi hii wana magari. Mpandaji husukumwa kwenye ukingo uliokatika, naye dereva wa lori humpigia honi kana kwamba amevamia shamba la mtu. Watu hufa kwa namna hiyo. Lakini angalieni jinsi hoja hii inavyotumika: kosa la mwenye nguvu linageuzwa kuwa sababu ya kumzuia mnyonge. Jawabu la haki ni kudai njia za kando katika kila barabara inayojengwa, kumwadhibu dereva mzembe, na kuwafundisha vijana kupanda kwa taa, breki nzima na macho mawili. Tena ziko njia za vumbi zipitazo mashambani ambazo malori hayazijui, na hizo ndizo bora.

Na mtoto wa kike? Hapa unafiki wetu umevua nguo hadharani. Msichana akibeba ndoo ya maji kichwani kilomita tatu, gizani, huambiwa ana adabu. Akipanda baisikeli kilomita tatu, mchana, yupo atakayeuliza wazazi wake wako wapi. Mzigo haukuvunja adabu. Kilichoivunja ni wepesi. Tulichokizoea ni kumwona mwanamke akichoka, na kinachotushtua ni kumwona akienda. Siwabezi wazazi wanaohofia usalama wa binti zao katika njia tupu. Hofu hiyo ina sababu. Lakini inawashtaki wanaume wanaoifanya njia kuwa ya kutisha, wala haiishtaki baisikeli. Mpaka hapo tutakapoisafisha njia, na aende na dada yake au mama yake, lakini aende.

Yuko msomaji atakayenipinga kwa hoja nzito kuliko hizi nne, naye namheshimu. Atasema: wewe unasifu alfajiri kwa kuwa huna gunia nyuma yako. Yule mwenye mkaa hakuamka saa tisa ya usiku kutafuta mashairi. Ameamka kwa kuwa ana watoto. Ni kweli. Sisemi kwamba mzigo wake ni mtamu, wala sitaki abaki nao. Pikipiki ikimpunguzia jasho, na apande pikipiki. Ninalosema ni kwamba mtu huyo anaijua barabara ile, kilima kwa kilima, kuliko ofisa yeyote anayepanga mipango yake mezani. Na kwamba msomi hawezi kuuthamini ujuzi huo asipoinama kuujifunza. Akipanda kilima kile kile, hata bila gunia, atajua kwa mapaja yake jambo ambalo hakuna ripoti iliyomfundisha. Anayepanga barabara bila kujua kilima kiko wapi atawapangia wengine maumivu.

Kwa hiyo nawageukia walimu, kwa sababu wao ndio wenye ufunguo. Sidai fedha nyingi. Nadai kwamba kila mwanafunzi wa sekondari, mara moja katika kila muhula, atoke kabla ya jua kwa baisikeli, na asiye nayo kwa miguu, aende katika njia asiyoijua ndani ya wilaya yake, na arudi na vitu vitatu: jina la mahali pamoja na maana yake kama wasemavyo wazee wa hapo, maneno matano ya kazi, ya uvuvi au ufinyanzi au kilimo, ambayo hayamo katika vitabu vyake, na maelezo ya kazi moja aliyoiona ikifanyika, hatua kwa hatua. Simu ikae mfukoni, kwa kuwa picha humfanya mtu aamini kwamba ameona kitu ambacho amekipiga tu. Maelezo hayo yaandikwe kwa hati nzuri katika daftari moja la shule. Shule itakayofanya hivyo kwa miaka kumi itakuwa na kamusi na historia ya wilaya yake ambayo hakuna chuo kikuu kinachoweza kuiandika kwa kukaa mbali.

Shule na iwe na baisikeli chache za kuazimana, na vijana, wa kike kwa wa kiume, wafundishwe kuziba pancha, kukaza spoki na kupaka mnyororo mafuta. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, haikukusudia jembe peke yake. Zaidi ya yote, mwalimu mwenyewe apande. Mwanafunzi hasikii tunayosema juu ya kujivunia chetu. Hutazama tunalolionea haya. Mwalimu aachaye baisikeli yake nyuma ya duka ili asionekane akiingia nayo shuleni amekwisha kutoa somo la siku hiyo, na darasa zima limelielewa.

Maneno ya kazi yanakufa pamoja na wazee wanaoyajua. Majina ya mahali yanageuzwa kuwa namba za viwanja. Magofu yanaangukia vichakani bila mtoto wa kijiji kujua ni ya nani. Hasara hiyo haitangazwi redioni, kwa kuwa hakuna aliyeziona mali hizo zikiwapo. Taifa linaweza kuwa na wizara ya utamaduni, vikundi vya ngoma na majumba ya makumbusho, na bado raia wake wakawa wageni katika nchi yao wenyewe, wakiichungulia kwa madirisha ya mabasi kama watu wanaopita kwenda mahali pengine. Mgeni hana uchungu na asichokijua. Tukitaka vijana waitetee nchi hii, tuwape kwanza nafasi ya kukutana nayo, kwa miguu yao, mapema, kabla kelele za mchana hazijaanza kuwaambia ni nini cha kupenda.